Tupeane uzoefu: ulishawahi kuhisi simu yako inasikilizwa na wakubwa?

Mlinzi wa Zamu
Wakuu, salaam. Jana naongea na jamaa yangu kwenye simu, tumefika mahali akakata ghafla. Baadaye akanitafuta kwa namba ngeni, ananiambia "yale mambo tusiyaongelee kwenye simu". Mambo yenyewe ni manung'uniko ya kawaida tu kuhusu serikali, kila mtu anayasema. Nikabaki najiuliza, huu woga tumeutoa wapi? Una msingi au tunatishana? Mwenye kisa alete, ila kiwe chake, si cha binamu wa jirani.

Bi Mkubwa Hapoi
Mimi kila nikimpigia kaka yangu nasikia "tik... tik". Kaka yuko upinzani. Sisemi zaidi.

Fundi Minara
Dada, hiyo tik ni mtandao mbovu. Nimekula mkate wangu kwenye mitambo ya simu. Mtu akiwekewa sikio siku hizi, kazi inafanyika hukohuko kwenye mtambo wa kampuni: nakala ya sauti inakwenda pembeni, wewe husikii chochote. Ukitaka kujua kazi hiyo ilivyo kimya, soma habari ya Ugiriki. Kati ya 2004 na 2005 watu zaidi ya 100 walisikilizwa, akiwemo waziri mkuu wao, Kostas Karamanlis. Kuna waliopenyeza programu kwenye mtambo, wakapitia mlango uleule uliowekwa kwa ajili ya vyombo vya dola. Iligundulika kwa sababu meseji za wateja zilianza kukwama, mafundi wakachimba, wakakutana nayo. Waziri mkuu mzima hakusikia tik.

Bi Mkubwa Hapoi
Kwa hiyo mitambo yenu ndiyo inanisikiliza, halafu unaniambia nitulie?

Fundi Minara
Sijasema utulie. Nimesema usiitegemee tik.

Kitochi Daima
Ndiyo maana mimi nina kitochi. Hakina intaneti, hakina kamera, chaji wiki nzima. Waje.

Karani Mstaafu
Nilishasema sitaandika haya popote, ila tik ya Bi Mkubwa imenichokonoa.

Nilikuwa katibu wa kamati ya wakazi. Tulikuwa na mgogoro na ofisi moja ya serikali juu ya fidia ya viwanja. Siasa hatukuwa nayo, tulitaka haki yetu basi. Siku moja nikaitwa kwa "mahojiano mafupi". Aliyenihoji ni kijana kabisa, mpole, ananiita mama. Akafungua faili, akatoa karatasi zimebanwa pini. Mistari midogomidogo hiyo: namba yangu, namba niliyoipigia, tarehe, saa, sekunde, na mwishoni safu ya herufi na tarakimu ambazo sikuzielewa. Baadhi ya mistari imepakwa rangi ya njano. Akaweka kidole kwenye mmoja. "Mama, huyu ulimpigia saa nane usiku, mkaongea sekunde chache ukakata. Palikuwa na nini?"

Nikawa bubu, kwa sababu kweli sikumbuki. Akageuza karatasi. "Na huyu mnawasiliana kuliko unavyowasiliana na mumeo. Mzee anajua?"

Yule wa saa nane usiku alikuwa jirani wa mama yangu mzazi. Mama alikuwa mgonjwa, napiga kuuliza hali, jirani ananinong'oneza "kalala", nakata. Huyo wa pili ni mweka hazina wetu. Sasa uyaeleze hayo mbele ya mtu aliyeshika kalamu! Kila nilichojibu kilisikika kama nimekitunga palepale. Halafu akaja kwenye ile safu ya mwisho. Kumbe ni alama za minara. Akanitajia nilipokuwa Jumapili jioni, na wajumbe gani wengine simu zao zilikuwa zinashika mnara huohuo saa ileile. Kilikuwa kikao chetu, kile tulichokiita cha siri.

Nisikilizeni vizuri. Kwenye makaratasi yale yote hapakuwa na sentensi hata moja niliyotamka. Wala hawakuihitaji.

Jioni ileile nikarudi kwangu, hakuna aliyenigusa. Lakini kamati ilikufia pale. Kila ninayempigia, "nitakupigia baadaye". Mweka hazina nimekuja kukutana naye msibani, kanisalimia kwa kutikisa kichwa akapitiliza.

Nyuki Jike
Dah. Hilo la "mzee anajua?" limenisimamisha nywele.

Mlinzi wa Zamu
Pole sana mama. Ndicho nilichokuwa natafuta hiki.

Mtoro wa Shule
Pole mama. Ila... mweka hazina mlikuwa mnaongea nini mara zote hizo? 😂

Karani Mstaafu
Hesabu, mwanangu. Pesa za watu.

Mtoro wa Shule
Saa ngapi hizo hesabu?

Nyuki Jike
Wewe Mtoro huna adabu. Mwenzio kaeleza jambo zito, unamfanyia yaleyale aliyofanyiwa na yule kijana.

Raia Mwema
Nitatukanwa lakini naandika. Mama kaitwa, kahojiwa, karudi nyumbani. Kosa liko wapi? Magaidi wanakamatwa kwa njia hizohizo. Kama huna la kuficha, unahofia nini?

Nyuki Jike
Basi weka hapa meseji zako za mwezi huu. Zote.

Raia Mwema
Ninyi ni serikali?

Nyuki Jike
Serikali ni malaika? Ni watu walewale, wana mashemeji na chuki kama wewe.

Fundi Minara
Mama Karani kaeleza vizuri kuliko tulivyofundishwa kazini. Ile orodha ndiyo mali. Kusikiliza sauti kunataka mtu akae, asikie, aelewe. Orodha inachambuliwa na kompyuta. Siri ya kwanza kabisa aliyoitoa Snowden, yule Mmarekani aliyevujisha siri za ujasusi wa nchi yake, Juni 2013, ilikuwa hiyo: amri ya mahakama ikiitaka kampuni ya Verizon iwapelekee NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano, kumbukumbu za simu za wateja wake, kila siku. Nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Maongezi hayamo. Na kuna kesi ya Carpenter huko Marekani: polisi walichukua kumbukumbu za minara za siku 127, wakapata alama 12,898 za alipokuwa mtu mmoja. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikasema polisi wakitaka kumbukumbu za namna hiyo waje na hati ya mahakama.

Raia Mwema
Huyo Carpenter si alikuwa mwizi wa maduka? Umenisaidia hoja.

Fundi Minara
Alikuwa mwizi, ndiyo. Na majaji bado wakasema hati kwanza. Hilo unaliruka.

Kijana wa Data
Mnajisumbua bure. Pigeni WhatsApp. Tangu 2016 meseji na simu zake zinafungwa kwa kufuli la msimbo, anayeona ujumbe ni mtumaji na mpokeaji basi.

Mdudu Kichakani
Mpaka waingie kwenye simu yenyewe. Mwaka 2019 Pegasus, ile programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO Group ya Israeli, ilikuwa inapandikizwa kwa kupigiwa WhatsApp, na hata usipopokea inaingia. WhatsApp wenyewe walisema waliolengwa ni watu kama 1,400. Ikishaingia, inasoma kabla kufuli halijafungwa.

Kijana wa Data
Hiyo ni ya waandishi wa habari na wanaharakati. Nani aitumie kwako wewe?

Mdudu Kichakani
Kweli, ni ghali kwa mtu kama mimi. Kwangu mimi wataomba simu niwape mkononi, na nitatoa.

Mzee Kobe
Kwenye grupu letu hakuna aliyedukuliwa. Alikuwemo mjumbe mmoja anapiga picha skrini na kupeleka. Mama Karani, hukuwahi kumshuku mtu?

Karani Mstaafu
Nilimshuku kila mtu. Ndiyo kilichoiua kamati, nimeshasema.

Mlinzi wa Zamu
Sasa tusaidiane. Mtu afanye nini?

Kijana wa Data
Bonyeza *#21#. Ikitokea namba usiyoijua, unasikilizwa.

Fundi Minara
Uongo unaozunguka kila mwaka. *#21# inaonyesha kama simu zako zimeelekezwa namba nyingine. Sikio la kwenye mtambo halionekani hapo.

Mtoro wa Shule
Iwekeni kwenye friji. Snowden alifanya hivyo.

Mdudu Kichakani
Kule Hong Kong aliwaambia mawakili wake waweke simu zao kwenye friji, ndiyo, ili vipaza sauti visinase maongezi. Lakini friji haiifichi simu yako isionwe na mnara.

Nyuki Jike
Iache nyumbani ukienda kikaoni.

Mzee Kobe
Wajumbe wote simu zikilala nyumbani kwa pamoja, Jumapili hiyohiyo, saa hizohizo? Hiyo nayo inasomeka vizuri tu. Afadhali uende nayo, ila ukae na mtu unayemwamini.

Kitochi Daima
Kitochi, wakuu. Narudia.

Fundi Minara
Kitochi chako kinatumia 2G. Kwenye 2G mtandao unaikagua laini yako, lakini simu haiukagui mtandao. Mtu akija na mnara bandia kwenye begi, kitochi kinashika bila swali. Na orodha ya Mama Karani inatoka kwenye kitochi vilevile.

Kitochi Daima
Una wivu na chaji yangu.

Mdudu Kichakani
Nyie kina iPhone, tangu 2022 kuna Lockdown Mode, inazima baadhi ya vitu kwenye simu ili kupunguza milango ya wadukuzi, iwasheni kama kazi yenu ni ya hatari. Wengine, zimeni simu na kuiwasha tena mara kwa mara. Virusi vingine vya kijasusi vinakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, ukizima vinapotea mpaka vitumwe upya. NSA wenyewe mwaka 2020 walishauri iwe kila wiki.

Raia Mwema
Kwa hiyo NSA ni maadui asubuhi, washauri jioni.

Bi Mkubwa Hapoi
Jamani, nimezima nikawasha, sasa inadai PIN ya laini. Nimejaribu mara tatu, inataka kitu kinaitwa PUK. Msaada!

Fundi Minara
Iko kwenye kile kikadi ulichochomolea laini.

Bi Mkubwa Hapoi
Nilishakitupa.

Fundi Minara
Nenda kwa kampuni yako na kitambulisho, watakuhakiki kwa alama za vidole.

Bi Mkubwa Hapoi
Vidole tena!

Mtoro wa Shule
Na kaka asalimiwe 😂