Mzazi anaumwa kichwa baada ya sindano ya mgongo, mnamwambia anadeka??

Wakuu mnisamehe leo naandika na hasira. Mdogo wangu kajifungua kwa opareshen hapa hapa Mwanza, hospitali siitaji, akachomwa ile ganzi ya mgongo na mtoto akatoka salama, kwa hilo namshukuru Mungu. Kesho yake kichwa kikaanza. Akilala chali kinatulia kabisa, akiinuka tu anyonyeshe kinampasua kuanzia kisogoni mpaka machoni, shingo imekaza, masikio yanavuma, anatapika. Nesi wa zamu anamwambia we binti acha kudeka wenzako wa opareshen mbona wanatembea. Kapewa panadol, karuhusiwa, tukampakia kwenye bajaji mpaka Mabatini na wenyeji mnazijua zile njia za mawe za kupandia kule juu, mtu ana mshono mbichi na kichwa hawezi kukiinua.

Nyumbani nako kila mtu daktari, shangazi anasema upepo wa uzazi, duka la dawa wanataka kutuuzia ya malaria bila hata kupima.

Aliyekuja kutuelewesha ni daktari wa usingizi wa hospitali nyingine. Kumbe sindano inatoboa utando unaozunguka uti wa mgongo, tundu lisipoziba mapema yale maji ya ndani yanavuja, ukikaa ubongo unavutika kwenda chini ndo hayo maumivu. Wengi kinaisha chenyewe ndani ya wiki moja mbili, maji ya kutosha na kahawa vinasaidia kidogo, kikigoma wanachukua damu yako mwenyewe kama mililita 20 wanaichoma pale pale mgongoni nje ya utando, inaganda inaziba. Mdogo wangu alifanyiwa hivyo na siku hiyo hiyo akakaa kitako akamnyonyesha mwanae.

Sasa nauliza, August Bier, daktari wa Kijerumani, alijaribiwa ganzi hii mwilini mwake mwaka 1898 na kichwa hiki hiki kikamlaza kitandani siku kadhaa. 1898 jamani! Leo hii wodi ya wazazi mtu anaambiwa anadeka? Na sindano nyembamba za geji 25 au 27 zenye ncha kama ya penseli zipo, zinapunguza sana hili tatizo, kama hamna si mtuandikie tununue, mbona glavu na nyuzi mnatuandikia!!

Kinachoniuma kuliko vyote hata presha hawakumpima kabla ya kumruhusu. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mtu hata akishajifungua na dalili yake mojawapo ni kichwa, sasa mlijuaje kwamba sio hicho? Ingekuwa damu imeganda kwenye mishipa ya ubongo je? Mzazi akianza kuona vitu viwili viwili, akipata homa au degedege mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo msisubiri asubuhi.

Manesi na madaktari mliomo humu naomba mjibu, inawagharimu nini kumwambia mzazi kabla hajatoka kwamba ukiona kichwa kinauma ukikaa na kinaacha ukilala, rudi? Na kina mama wa Igoma, Buhongwa, Sengerema, Ukerewe mliopitia hii semeni mlihudumiwaje.