Naomba ushauri: msanii aingie lini kwenye mradi wa jengo?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni msanifu majengo, na ofisi yetu ndogo inachora ukumbi wa jamii. Mteja anataka msanii aitwe mwishoni, apake rangi ukutani basi. Mimi naona aitwe sasa, ramani ikiwa bado ya penseli, maana ukuta wenye nakshi huamua hata madirisha yakae wapi. Wakazi nao wametushtua: wanataka kivuli nje kuliko jukwaa ndani! Kama mfano wa kushirikisha watu, nilimtajia mteja shule iliyobuniwa na msanifu majengo Francis Kéré kule Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001 kwa mikono ya wanakijiji wenyewe, lakini anahofia kuchelewa. Mliopitia haya, mlimshawishije mteja? Na hakimiliki ya msanii mliiwekaje kwenye mkataba?