Majina ya nyimbo yameruka mstari baada ya kuhariri albamu ya diski mbili

mkusanya_dansi
Wakuu, nina mkusanyiko wa muziki wa dansi, bendi tofauti tofauti, diski mbili, nyimbo 14 kila moja. Ni MP3, zote folda moja, Windows. Nimejaza namba na majina ndani ya programu ya maktaba ya muziki, nikahifadhi. Sasa kuanzia wimbo wa 5 majina yamesogea: ukibofya wa 6 unasikia wa 7. Halafu namba zinakuja mbili mbili: 1, 1, 2, 2. Majina ya faili yako salama, mfano `1-07 Jina la wimbo.mp3`. Inarekebishika bila kusikiliza zote 28? Na chanzo ni nini?

fundi_tegi
Sauti haijaguswa mkuu, kilichovurugika ni tegi tu, yaani maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili: jina, msanii, namba.

Kusogea kwa majina: orodha ilikuwa imepangwa kwa safu ileile unayoijaza. Ukiandika namba, mstari unahamia mahali pake papo hapo, ila kishale kinabaki palepale, sasa kiko juu ya wimbo mwingine. Ukiendelea kuandika bila kutazama, kila jina linaangukia kwa jirani. Siku zote panga kwa jina la faili kabla ya kuanza.

Namba mbili mbili: hujajaza namba ya diski (TPOS kwenye MP3). Maktaba nyingi hukusanya nyimbo kwa jina la albamu na msanii wa albamu (TPE2), ndipo zikapanga kwa diski na namba. TPOS ikiwa tupu, diski zote mbili zinasukwa pamoja kama ukili. Na TPE2 ikiwa tupu, baadhi ya programu zitaikata albamu vipande, kila bendi na chake.

Kwa kuwa majina ya faili ni mazima, kazi ni ndogo. Nakili folda pembeni, funga programu ya maktaba (faili inayopigwa hufungwa na Windows, tegi haiandikiki), kisha fungua folda kwenye Mp3tag (programu ya kuhariri tegi). Ctrl+A, halafu Alt+2 (hujaza tegi kutoka jina la faili), weka:

`%discnumber%-%track% %title%`

Tazama mfano unaoonyeshwa kabla ya kukubali. Nafasi na kistari lazima vifanane kabisa na jina la faili, la sivyo namba itaingia kwenye jina. Baada ya hapo chagua zote, kwenye msanii wa albamu andika "Wasanii Mbalimbali", Ctrl+S. Sehemu ya jina la wimbo iache ilivyo, `<keep>`. Ukiandika chochote hapo, nyimbo zote 28 zitaitwa hivyo.

Mwisho iondoe albamu kwenye orodha ya maktaba (usifute faili!) uiingize upya, maana nyingine hung'ang'ania kumbukumbu yao ya zamani.

mkusanya_dansi
Shukrani mkuu, hiyo imenyooka. Kuna albamu nyingine ambayo programu ilibadilisha hadi majina ya faili. Hiyo je?

sauti_ya_kanda
Angalia ID3v1 kwanza, tegi ya muundo wa zamani. Ni baiti 128 mwishoni mwa faili, na programu inayoandika ID3v2 (muundo mpya) peke yake huiacha na majina ya zamani. Kwenye mipangilio ya Mp3tag, upande wa tegi za Mpeg, zima kusoma ID3v2 na APE (aina nyingine ya tegi), bakiza ID3v1, pakia folda upya. Majina hukatwa kwenye herufi 30, lakini yanatosha kutambua. Yanakili pembeni, usihifadhi kitu ukiwa katika hali hiyo, kisha rudisha mipangilio.

fundi_tegi
Kama ID3v1 nayo imeandikwa upya, tumia MusicBrainz Picard, programu inayotambua nyimbo kwa hifadhidata ya mtandaoni ya MusicBrainz, ila chagua "Scan", si "Lookup". "Lookup" hutafuta kwa tegi zilizopo, na tegi zako ni mbovu, kwa hiyo itakuletea makosa yaleyale yakiwa yamevaa suti. "Scan" husikiliza alama ya sauti yenyewe. Ubaya wake, wimbo mmoja ukiwa kwenye mikusanyiko kadhaa, faili zitatawanyika. Ziburute mwenyewe kwenye toleo lako, na ulinganishe muda kabla ya kuhifadhi.

sauti_ya_kanda
Taarabu na dansi nyingi zilizotolewa kwenye kanda hazimo kwenye hifadhidata ya MusicBrainz. Hapo linganisha urefu wa kila faili na dakika zilizoandikwa kwenye kava. Tofauti ya sekunde 2 au 3 ni ukimya wa mwanzo na mwisho. Zikipatikana mbili zenye muda mmoja, hizo ndizo za kusikiliza. Na zima kile kipengele cha programu ya maktaba kupanga na kubadilisha majina ya faili yenyewe.