Hema jepesi la watu wawili: lipi litavumilia joto la Malindi na baridi ya Mlima Kenya?

MwanaMambrui
Salaam aleikum wakuu. Mimi na mke wangu tunatafuta hema jepesi la kubeba mgongoni, na majedwali ya gramu yameshanichosha macho. Safari ni mbili. Mwezi wa pili tunalala Arabuko-Sokoke upande wa Gede, kwa miguu. Kisha Agosti Mlima Kenya, tupande Sirimon tushukie Chogoria, tukijaliwa tufike kilele cha Point Lenana. Nililo nalo sasa ni la supamaketi, kilo tatu na ushee, nguzo za faiba. Moja imepasuka na kibanzi chake bado kinaniwasha kiganjani.

Nimebaki na matatu:

Copper Spur HV UL2 la Big Agnes: kama kilo 1.4, milango miwili, linasimama lenyewe. Bei yapita dola 500, na hapo hujafika kwa usafiri, ushuru na VAT ya 16%.

X-Mid 2 la Durston: kilo moja na kidogo. Halina nguzo zake, unalisimamisha kwa fimbo mbili za kupandia mlima.

Cloud Up 2 la Naturehike: kama kilo moja na nusu, lina nguzo zake, na bei haifiki hata nusu ya lile la kwanza.

Moyo uko kwa X-Mid. Nisukumeni au nirudisheni.

Kasa_wa_Watamu
Nakusukuma. Fimbo mtakuwa nazo mlimani kwa vyovyote, mbona mbebe na nguzo juu yake? Tena lile ni la poliesta. Nailoni ikilowa inalegea, unaamka saa nane usiku kukaza kamba huku mvua inakupiga mgongoni. Poliesta hailegei kiasi hicho. Na paa la nje ndilo linalotangulia kusimama, kwa hiyo chumba cha ndani unakifunga kikiwa kikavu. Mimi naona maneno yameisha.

Binti_Shela
Hayajaisha, kaka. Wewe watembea wapi? Hema la fimbo bila vigingi ni shuka tu. Yataka vigingi vinne vilivyoshika sawasawa ndipo lisimame. Njoo huku Amu wakati wa kusi, kichomeke kigingi chako chembamba kwenye mchanga wa Shela, uone kama utafika alfajiri na paa.

Hema linalosimama lenyewe lina raha mbili ambazo jedwali la gramu halizitaji. Asubuhi unalinyanyua zima zima, unaliinamisha mlangoni, mchanga wote unamwagika. Na usiku wa kaskazi, joto likikaba, unaondoa paa la nje unabaki na chandarua peke yake. Februari hapa Pwani hulali na paa juu yako, utaiva.

Halafu, kwa kuwa wengi wenu mkifika Shela mnakimbilia vilimani: vile vilima vya mchanga ndivyo vinavyoweka maji ya visima tunayokunywa mjini. Usipige hema pale wala kujisaidia pale. Uliza wenyeji kwanza.

Fundi_Matanga
Wanangu, mnabishana uzito na hakuna aliyegusa kitambaa. Nimeshona matanga na maturubai miaka mingi, najua jua la hapa linavyokula. Nailoni nyembamba ya 20D (hicho ni kipimo cha unene wa uzi) ukiiacha juani mchana kutwa, wiki kwa wiki, inakwisha nguvu na macho yako hayaoni kitu. Siku unapoivuta ndiyo unasikia raaa. Hema hupigwa jioni, asubuhi likashushwa.

La pili ni ule utando wa ndani wa kuzuia maji. Mahema mengi ya bei ya chini hupakwa poliurethani, na kitu hicho hakipatani na joto na unyevu wa Pwani. Ukilikunja bichi ukalitupa kabatini, baada ya misimu kadhaa unalifungua linanata kama gundi na linanuka. Hapo hakuna fundi, hata mimi. Ule wa silikoni hauna shida hiyo. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza limepakwa nini, nje na ndani, na sakafu uiulizie mbali.

La tatu, chumvi. Nguzo za alumini zifutwe kwa maji baridi ya kisima kila ukitoka ufukweni, na maungio yake pia. Zipu nazo suuza, mchanga ndio unaoziua. Na ukifika nyumbani usiliache ndani ya kile kifuko chake cha kubana. Litie ndani ya foronya kubwa, ulitundike.

Baridi_Tupu
Mimi ni wa Malindi na nimelala kambi ya Shipton's, Mlima Kenya, kama mita 4,200. Maji kwenye chupa yaliganda. Chandarua hicho Binti anachokisifu, kule juu upepo unapita chini ya paa la nje, unakipenya na kukufikia shingoni. Hata hivyo sikushauri ununue hema zito la baridi kwa ajili ya siku nne za mwaka. Tia pesa kwenye mfuko wa kulalia na godoro linalozuia baridi ya ardhi. Hema halipashi mtu moto.

Kuna rafiki yangu ana Duplex la Zpacks, chini ya gramu 600, jepesi kama kanzu. Lakini ni la ngozi moja, yaani paa tu bila chumba cha ndani. Pumzi zenu wawili zinagandamana darini usiku na kuwadondokea asubuhi. Na bei yake siitaji hapa, kuna watu wana presha.

Mama_Kanga
Kuna swali wanaume hamliulizi: mnalaliaje? Sakafu ya Cloud Up 2 ni sentimita 210 kwa 125. Magodoro mawili ya kawaida ya sentimita 51 yanaingia. Yale mapana ya 64 hayaingii, hesabu mwenyewe. Copper Spur ni 132 kichwani lakini miguuni linabana hadi 107, kwa hiyo mapana hayaingii kule pia. Ongezea kwamba Cloud Up lina mlango mmoja. Mwenzako akitoka usiku, umeamka.

Na Sokoke kuna ndovu na kuna siafu. Ndovu utaambiwa na askari wa msitu mahali pa kulala. Siafu hakuna wa kukwambia: kagua ardhi kwa tochi kabla ya kutandika, na chakula kisilale humo ndani.

MwanaMambrui
Jana baada ya alasiri nimefanya jaribio. Nimechukua turubai, mipini miwili ya fagio na vigingi sita, nikashuka ufukweni hapa Mambrui. Upepo haukuwa hata wa kusi kamili. Vigingi vitatu viling'oka kabla sijafunga kamba ya mwisho, na watoto wakacheka hadi wakakaa chini. Binti, nimekubali.

Kisha nikachora sentimita 210 kwa 125 kwa chaki barazani, tukalala na mke wangu ndani yake. Mimi nina sentimita 183, naenea kwa kubahatisha. Yeye amesema mlango mmoja haumsumbui, anayeamka usiku ni mimi. Tunachukua Cloud Up, la silikoni, na baki ya pesa iende kwenye mifuko ya kulalia ya Agosti.

Kasa_wa_Watamu
Mipini ya fagio si fimbo za mlima, hilo jaribio silihesabu.

Binti_Shela
Hata na Cloud Up, paa la nje lavutwa kwa kamba. Ukilala ufukweni usitumie vigingi. Jaza mchanga kwenye vifuko, funga kamba shingoni mwa kifuko, kizike kina cha mkono hadi kiwiko, ukikanyage juu. Hicho hakitoki.

MwanaMambrui
Vifuko vya nini? Mifuko ya plastiki tumeshapigwa marufuku tangu 2017.

Fundi_Matanga
Vya nguo, mwanangu. Nina vipande vya marikani vilivyobaki kwenye tanga. Wataka vingapi?

MwanaMambrui
Vinne vyatosha?

Binti_Shela
Sita.