Mjadala: Kifua kikuu hifadhini, nani anamwambukiza nani?

Mdau wa Karatu (mleta mada)
Wadau, salaam. Tangu kaya za Ngorongoro zianze kuhamia Msomera, Handeni, mwaka 2022, kila mjadala wa mifugo hifadhini ukiibuka lazima atokee mtu aseme ng'ombe watolewe kwa sababu wanawapa wanyamapori kifua kikuu. Nauliza kitu kimoja: tunajuaje? Nani amefuatilia ugonjwa ulikotoka na ulikokwenda? Naomba hoja, siasa tuiache kando.

Nyika Salama
Mbona jibu lipo siku nyingi. Kruger, Afrika Kusini, nyati walikutwa na TB ya ng'ombe mwaka 1990. Ilianzia kusini, walikokuwa wanakaribiana na mifugo, ikapanda mpaka kaskazini kabisa ya hifadhi. Simba wakala nyati wagonjwa, nao wakaupata. Sisi tunasubiri tuzike simba wangapi? Halafu tuseme ukweli, watu wenyewe mpaka leo wanakunywa maziwa mabichi, watamlinda nyumbu saa ngapi?

Mwana wa Endulen
Hilo la maziwa mabichi limeingiaje hapa? Mtu hajawahi kulala bomani hata usiku mmoja anatuandikia tunavyokunywa maziwa! Mama zetu wanaosha vibuyu kwa moshi wa mti wa oloirien, vijidudu vyote vinakufa. Watu wamekua hivyo karne na karne.

Daktari Mifugo Moro
Ndugu yangu wa Endulen, kwa heshima zote: moshi wa oloirien unasafisha kibuyu na unasaidia maziwa yasiharibike haraka. Mycobacterium bovis, kimelea cha TB ya ng'ombe, hauiui. Ng'ombe mwenye TB ya kiwele anaitoa kwenye maziwa yenyewe, na kibuyu kiwe kisafi namna gani, ukishayamimina umeiingiza. Yachemshwe.

Mwana wa Endulen
Kwa hiyo wewe na Nyika Salama ni kitu kimoja.

Daktari Mifugo Moro
Hapana. Ninachokwambia kuhusu maziwa ningemwambia hata mfugaji wa Iringa au mwenye ng'ombe wawili wa kisasa Mbezi. Suala la kuhamisha watu sijaligusa.

Mkaguzi wa Nyama
Mimi niko machinjioni, nieleze ninachokiona. Ng'ombe anaingia amenona, hakohoi, hana hata dalili moja. Ukipasua tezi za kichwani na zile zilizo kati ya mapafu unakuta usaha mkavu wa manjano, na kisu kinakwaruza kama kimegusa mchanga. Tunaandika, tunatupa kinachotakiwa kutupwa. Lakini huyo ng'ombe kapita mnada gani, katoka boma la nani, mara nyingi hakuna anayejua. Mleta mada anauliza nani amefuatilia: kwangu mnyororo unakatikia mnadani.

Nesi wa Zahanati
Huku kwa binadamu ndiyo giza zaidi. Makohozi ukiyatazama kwa darubini huwezi kutofautisha TB ya ng'ombe na TB yetu ya kawaida. Hata mashine ya GeneXpert inakwambia ni TB, basi, haikwambii ya nani. Inatakiwa kuotesha vimelea maabara kubwa na kusoma vinasaba. Isitoshe, ya ng'ombe ikiingia kwa maziwa mara nyingi inakaa kwenye tezi za shingo au tumboni, mtu wala hakohoi. Na moja ya dawa zetu za mwanzo, pirazinamidi, haiiwezi TB ya ng'ombe. Mgonjwa anapewa tiba ileile kwa sababu hakuna aliyejua kachukua wapi.

Nyika Salama
Sasa si mnanithibitishia? Ugonjwa upo, hauonekani, na dawa nyingine hauisikii. Nikisema tutenganishe mifugo na wanyama naitwa mbaguzi. Nimezaliwa Mto wa Mbu, wamasai ni majirani zangu, sitafundishwa heshima humu.

Mwana wa Endulen
Hakuna aliyekuita mbaguzi, umejiita mwenyewe. Ulichofanya ni kututukana kwa chakula chetu.

Mfugaji Longido
Mnamsahau nyumbu. Kila mwaka wakizaa, sisi tunahamisha ng'ombe kuwakimbia, maana ndama wa nyumbu wana kirusi ambacho ng'ombe akikipata hatoki. Tunaacha nyasi nzuri kuliko zote. Sijasikia mtu akidai nyumbu wahamishwe. Iweje ugonjwa ukitoka kwa mnyama niwe mimi wa kuhama, na ukitoka kwangu pia niwe mimi wa kuhama?

Na mnaosema tupime: nikikutwa na ng'ombe kumi wagonjwa, nani ananilipa?

Msomaji wa Leicester
Uingereza wamebishana hivihivi juu ya badger, jamaa ya nyegere wetu. Kuanzia 2013 wamewaua kwa maelfu mengi. Waliposoma vinasaba vya vimelea walikuta maambukizi yanakwenda pande zote mbili, lakini ng'ombe kwa ng'ombe, na badger kwa badger, ndiko yanakoenea zaidi.

Daktari Mifugo Moro
Hapo ndipo penye jibu la mleta mada. Kaskazini mwa Tanzania vimelea hivi viliwahi kuoteshwa kutoka kwa nyumbu, nyamera na tandala mdogo. Inatosha kusema vimo porini. Haitoshi kusema nani kampa nani, mpaka vimelea vya nyumbu, vya ng'ombe na vya mgonjwa visomwe vinasaba na kulinganishwa. Kabla ya hapo, anayeitumia TB kuwa hoja ya kuhamisha mtu anatumia jibu ambalo hajalipata. Nasema hivi nikiwa mtu wa mifugo na ninaumia, maana kazi inawezekana. Kipimo cha ngozi ni sindano shingoni, unarudi baada ya saa 72 kupima uvimbe.

Mfugaji Longido, swali lako la fidia ni zito. Bila fidia, mfugaji akiambiwa huyu anao, atampeleka mnadani wiki hiyohiyo, na simlaumu.

Mfugaji Longido
Basi msije na sindano kabla hamjaja na jibu.

Nyika Salama
Fidia kwa hela ya nani? Hospitali zenyewe hazina dawa.

Mwana wa Endulen
Nesi, nimemsomea mama uzi huu. Anauliza: maziwa yakishachemshwa, mtindi wa kibuyu utaganda? Anasema yakipita motoni yanakataa.

Nesi wa Zahanati
Mwambie mama shikamoo. Utaganda. Ayachemshe mpaka yafure, ayaache yapoe yawe vuguvugu, kisha atie mtindi kidogo, ila utokane na maziwa yaliyochemshwa, usiwe wa mabichi.

Mwana wa Endulen
Anasema marahaba. Atajaribu kibuyu kimoja, ila anasema ladha haitakuwa ile.