Miwani ya mwalimu wangu yaniumbua, nifanyeje na mng'ao?

Studio ya Wete

Asalaam aleikum wakubwa zangu. Nina studio hapa Wete, chumba kimoja kilichokuwa duka la vitambaa. Vifaa vyangu ni kamera na flashi yake, taa moja ya stendi yenye mwavuli mweupe, na dirisha linalotazama magharibi. Picha za pasipoti na za mahafali napiga bila ya shida.

Ijumaa kaja mwalimu aliyenisomesha skuli. Mzee sasa, kavaa kanzu nyeupe na kofia ya viua aliyoishona mkewe. Anataka picha moja kubwa ya kutundika ukumbini, wanawe wameiagiza. Miwani yake ina vioo vikubwa, na kuivua hataki: "Mwanangu, bila ya hii hata mke wangu hatonijua."

Nimepiga picha zaidi ya hamsini. Jicho la kushoto lina mwavuli, la kulia lina dirisha, na katika moja, wallahi, naonekana mwenyewe na kanzu yangu ya msikitini, nimeinamia kamera. Nikimgeuza uso, mwavuli unatoka, dirisha linabaki. Nikamwambia ainamishe kichwa, akawa kama anayetafuta shilingi iliyomdondoka. Nimeona aibu kumwambia arudi mara ya pili, lakini kakubali.

Kuna mtu Unguja anauza filta ya polaraiza, anaweza kunipakilia kwenye boti. Niinunue?

Mkongwe wa Mjini

Waaleikum salaam mwanangu. Pesa yako iweke. Filta hiyo hukata mng'ao wa kioo pale mwanga unapodunda kwa mshazari mkubwa, kiasi cha nyuzi 56. Miwani ya mtu anayekutazama huurudisha karibu moja kwa moja, kwa hivyo filta itakula nusu ya mwanga wako au zaidi, na mwavuli utabaki palepale.

Mwanga hudunda kama mpira ukutani, unaondoka kwa pembe ileile uliyojia. Vioo vya miwani kwa kawaida vimeinama chini kidogo. Basi taa ipandishe mpaka mwavuli ukaribie dari, uisogeze na pembeni, mng'ao uangukie sakafuni badala ya kukujia wewe. Kabla hujapiga hata picha moja, mpe kijana tochi ya simu aishike pale penye mwavuli, nawe tazama kutoka kwenye kamera. Utaiona nukta ya mwanga ndani ya kioo. Mwambie apandishe polepole mpaka nukta itoke. Hapo ndipo pa taa. Lakini mwavuli si nukta, una upana, kwa hivyo ongeza juu kidogo, au urudishe nyuma uwe mdogo.

Taa ikiwa juu, kivuli kitaingia machoni. Usihangaike na kartoni nyeupe, kanzu yake yenyewe itamrudishia mwanga chini ya kidevu. Na mikono ya miwani inyanyue juu ya masikio kwa unene wa njiti ya kibiriti tu. Ukizidisha, fremu itamkata macho.

Na wewe vaa nguo nyeusi, yakhe!

Muuza miwani, Chake

Huyo mzee miwani yake nene katikati? Kama ndiyo, kioo kimefura kwa nje, nacho kinakusanya chumba kizima kama mgongo wa kijiko. Dirisha lizibe kabisa. Vioo vyenye dawa ya kuzuia mng'ao ni afadhali, ila huacha rangi ya kijani au zambarau, ambayo kwenye kompyuta huondoka kwa kupunguza rangi hiyo pahala hapo tu.

Kuna wanaotoa vioo wakabakisha fremu. Kwa kijana sawa. Kwa mzee mwenye namba kubwa, watu wa nyumbani wataona kitu kimepungua usoni, hata wasijue nini.

Dada wa maharusi

Mimi nafunga kamera kwenye tripodi, napiga na miwani, halafu bila ya miwani, macho nayaunganisha kwa Photoshop. Bwana harusi anatulia. Mzee sijui. Ingekuwa ya viza ya Marekani ungemvua tu, tangu Novemba 2016 picha zao hawataki miwani.

Studio ya Wete

Nimerudi. Dirisha nimeliziba kwa buibui kuukuu la dada yangu, nimevaa fulana nyeusi, mpwa wangu kapanda kigoda na tochi. Nukta ikapanda kwenye kioo kama siafu, ikafika ukingoni, ikapotea. Picha ya saba macho yote mawili yapo, mpaka kope.

Nikamwonyesha. Katazama muda mrefu. "Macho ni yangu. Lakini hii kofia mbona umeipinda?"

Kumbe nilipokuwa nikinyanyua mikono ya miwani, niliisukuma kofia upande mmoja. Anarudi kesho baada ya alasiri.