Tupeane uzoefu: wazee wetu wa Vita vya Kagera wanaolala barazani

Mkazi wa Ngarenaro: Wakuu, juzi usiku napita soko la Kilombero, na baridi ya Arusha mwezi huu wa saba mnaijua. Mzee kalala barazani juu ya boksi. Nikamwamsha nimpe chai. Kabla hajapokea kikombe akalikunja blanketi lake pembe kwa pembe mpaka likawa mraba, akasimama wima. "Mzee, ulikuwa jeshini?" Akasema, "Tulifika Kyaka, pale mto Kagera, daraja limeshavunjwa, mwanangu." Usingizi umenikataa tangu siku hiyo. Mwenye ndugu aliyekwenda vitani 1978 akaishia mtaani, atusimulie.

Fundi Kijenge: Yupo mwingine upande wa stendi ndogo. Ukimpigia saluti anaijibu.

Mchagga Halisi: Samahani, lakini wengine wanajiita wanajeshi wapate hela tu. Mwanajeshi wa kweli ana pensheni.

Binti Rombo: Kaka wa pensheni, soma taratibu. Baba yangu mkubwa alikuwa mgambo. Amin alipoingia Kagera, wanamgambo walichukuliwa vijijini wakaungana na jeshi. Alifika hadi Masaka, huko Uganda. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 vita vikaelekea mwisho, na wengi wao wakarudishwa kulima. Yeye hakuandikishwa moja kwa moja, kwa hiyo pensheni hana. Alirudi na karatasi moja na sikio lisilosikia. Usiku alikuwa anapiga kelele, watu wakasema karogwa. Mama mkubwa akafariki, kihamba, yaani shamba la ukoo, kikaleta ugomvi, mzee akashuka Moshi mjini.

Tulimtafuta miezi. Nilimkuta asubuhi moja ya masika, kwenye baraza la duka fulani. Mlinzi alikuwa na desturi ya kumwaga maji barazani jioni ili watu wasilale pale, na kiroba cha mzee kilikuwa chini. Nilimkuta ameitandaza ile karatasi juu ya goti, anaipuliza ikauke. Wino umeshachuruzika, hakuna kinachosomeka. Hakunisalimia. Alinitajia namba yake ya vita, tarakimu moja moja, akaniambia, "Andika mama, isipotee." Niliiandika kiganjani kwa sababu sikuwa na daftari. Mwaka uliofuata tulimzika.

Mama Junior: Dada, nimelia hapa kazini. Pole sana.

Mchagga Halisi: Pole dada, nimekuelewa. Ila hapo ndipo umuhimu wa vyeti, hata wewe umeona.

Fundi Kijenge: Cheti? Mtu katoka Masaka kwa miguu unamdai cheti! Kila tarehe 25 Julai tunaweka mashada siku ya Mashujaa. Aliye hai barazani tunamruka.

Mchagga Halisi: Simdai mimi, ndugu. Ofisini ndiko watamdai.

Mzee wa Majengo: Acheni kugombana. Mpelekeni ustawi wa jamii. Hapa Moshi kuna makazi ya wazee ya serikali kule Njoro.

Binti Rombo: Shikamoo mzee wangu. Muulizeni kwanza kama anataka. Wa kwetu alisema kambi alishakaa, inatosha.

Mama Junior: Mimi naona atafutwe mzee mwenzake aliyepigana, wao wanajuana kwa maswali mawili matatu. Huyo ndiye shahidi wake.

Dereva wa Sanawari: Mnunulieni supu ya utumbo kwanza. Mwenye njaa hajibu maswali ya ofisi. Halafu pesa mkononi msimpe, ataibiwa usiku.

Fundi Kijenge: Mpeni pesa. Ni mtu mzima, alikabidhiwa bunduki.

Mkazi wa Ngarenaro: Nimerudi leo jioni. Boksi lipo, mwenyewe hayupo. Mama wa chai anasema huwa anarudi saa tatu, nami nimekaa hapa namsubiri. Nimekuja na daftari. Anavaa kandambili, na vidole vimepasuka kwa baridi. Mwenye viatu vya kufunika, namba tisa, anijulishe nije kuvichukua usiku huuhuu.